Mume wangu anasema najichubua, na mimi natumia tona tu

BARUA

Shikamoo Mama. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila kukuandikia ndiyo mara ya kwanza. Naomba jina langu usilitoe, kwa sababu Moshi ni ndogo na wateja wangu wengi wanakusoma.

Nina umri wa miaka 31, nimeolewa na nina watoto wawili. Ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza ya duka moja hapa mjini. Uso wangu ni wa kukataa vitu tangu nikiwa mdogo. Sabuni ikizidi ukali kidogo tu, ngozi inakaza hadi kucheka ni shida. Nilipojifungua mtoto wa pili hali ikazidi: vipele vidogo vidogo mashavuni, ngozi inabanduka pembeni mwa pua, na kipele kikipona kinaacha doa jeusi.

Nilienda duka la dawa wakanipa krimu ya tyubu, ile ambayo watu wengi wanaijua, inayotibu fangasi na muwasho kwa pamoja. Mama, ilinisaidia haraka mno. Siku chache tu uso ukawa safi. Lakini kila nikiiacha, uso unarudi vibaya kuliko mwanzo, unawaka moto. Nikawa napaka, naacha, napaka tena. Pia nilikuwa na yale maji ya bluu ya kufutia uso. Nikijifuta nayo uso unachonyota mpaka machozi yananilenga, na dada aliyeniuzia akasema kuchonyota ndiyo dalili kwamba yanafanya kazi.

Mwaka jana mteja wangu mmoja wa Arusha alikuja kufuata nguo za send-off, akaniona nilivyo. Akaniambia niachane na maji ya bluu, nitafute tona, yaani maji ya kupaka uso baada ya kunawa, ya ngozi isiyostahimili, isiyo na alkoholi. Akaniambia pia niache kuoshea uso sabuni ya kipande, ninunue sabuni laini ya maji, na nisisugue uso kwa dodoki. Nikafanya yote. Na cherehani nikaisogeza upande wa ndani wa baraza, maana jua la asubuhi lilikuwa linanipiga upande mmoja wa uso.

Uso umetulia. Madoa yamefifia. Wateja wananisifu. Ile tona si maji matupu, ni nyeupe kidogo kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele, na nikijipaka haichonyoti hata kidogo.

Sasa shida yenyewe. Pasaka tulipanda Kibosho kwa wakwe. Mama mkwe alinishika kidevu mbele ya watu, akanigeuza huku na huku, akasema, "Mama, mbona unang'aa hivi, nawe umeanza mambo ya mjini?" Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika nyumbani akaniambia nimwonyeshe ninachopaka. Nikamletea chupa ya tona. Akawasha tochi ya simu, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, kidole kikifuata mstari, mpaka akakuta neno "alcohol". Nimelinakili lilivyo: "cetearyl alcohol". Akasema, "Mbele wamekuandikia haina, nyuma wameiweka. Kama wamekudanganya hili, ni mangapi mengine wamekudanganya?" Sikuwa na jibu. Akasema hataki kuiona chupa hiyo nyumbani kwake, na kwamba yeye hawezi kuishi na mwanamke anayejichubua. Akaongeza kuwa 32,000 kwa chupa ya maji ni mchango wa shule wa mtoto. Hiyo pesa ni yangu ya kushona, Mama, si yake.

Lazima nikueleze hili pia. Dada yake mkubwa alijichubua miaka mingi alipokuwa akiishi Dar. Alipojifungua kwa upasuaji, kidonda kilikataa kupona, na mume wangu ndiye aliyekuwa akimuuguza hospitali. Mpaka leo wifi anavaa mikono mirefu hata lile joto la Februari. Hayo nayajua na namhurumia. Lakini mimi si wifi. Sitaki weupe, nataka uso usiniume.

Sasa chupa naificha kwenye sanduku la vitambaa kazini. Najipaka nikifika asubuhi, na jioni kabla sijafunga. Ile krimu siku hizi naipaka mara moja moja tu, uso ukianza kuwasha. Nyumbani naonekana nikipaka mafuta ya mgando basi. Naona kama mume wangu anataka kunitawala mpaka ngozi yangu mwenyewe. Lakini nikimkamata ananichungulia uso akidhani nimelala, roho inaniuma. Desemba tutapanda tena Kibosho, wiki mbili nzima, na huko hakuna pa kuficha kitu. Niache tona kwa ajili ya amani, uso urudi kama zamani? Niendelee kimya kimya? Au nimwambie wazi kwamba uso ni wangu? Na hiyo tona, ni kweli nimedanganywa?

Fundi wa barazani, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa uso, na pole zaidi kwa ile siku ya Pasaka. Kushikwa kidevu mbele ya ukoo na kuulizwa swali ambalo kila mtu keshajijibia moyoni ni kitu kinachouma, hata kama aliyeuliza alidhani anatania.

Ngoja nikurudishie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Una ngozi inayoumia upesi. Umehangaika miaka, hatimaye umepata nafuu, na nafuu hiyo umeiandikia jina moja: tona. Mumeo anaona uso wa mkewe umebadilika rangi, na kwake yeye mabadiliko ya namna hiyo yana picha moja tu, kitanda cha hospitali na dada yake juu yake. Wewe unaficha chupa, yeye anakuchungulia usiku, na Desemba inakuja. Umeniuliza uchague uso au amani. Mimi sijaona bado kama hivyo viwili vinagombana. Ninachokiona ni jambo la tatu lililokaa katikati yao, ambalo umelitaja kwa sentensi moja ukapita. Nitalifikia.

Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Kwa neno hilo alilolikuta, hujadanganywa. Alkoholi ni ukoo mkubwa. Inayoogopwa kwenye vipodozi ni ethanoli, ileile iliyomo kwenye spiriti na kwenye pombe. Ni nyepesi, inaruka hewani upesi, na inapoondoka inakuwa imeshakokota mafuta ya asili ya ngozi. Ndiyo maana ukijifuta nayo unasikia ubaridi, kisha ngozi inakaza. Ngozi yenye mafuta mengi inaweza kuivumilia. Ya kwako inalia. Kwenye lebo utaiona imeandikwa "alcohol" peke yake, au "alcohol denat.", na ina ndugu yake, "isopropyl alcohol". Hiyo "cetearyl alcohol" uliyoinakili ni ya tawi jingine kabisa la ukoo. Ni kitu kigumu, cheupe, chenye asili ya mafuta ya mawese au nazi, na kazi yake ni kushikanisha maji na mafuta yasitengane na kulainisha ngozi. Ndiyo hasa inayosaidia tona yako kuwa na ule weupe. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, imeliandika hili wazi kwa ajili ya wanunuzi: kipodozi kikiitwa kisicho na alkoholi, kinachomaanishwa ni kutokuwa na ethanoli, na kinaweza kuwa na hizi nyingine za jamii ya mafuta. Kwa hiyo mumeo alisoma sawasawa, akaelewa ndivyo sivyo, na lawama si yake. Mtu yeyote mwenye akili angefika alipofika.

Na swali lake lile, kwamba kama wamedanganya hili ni mangapi mengine, usilitupe. Ni swali zuri. Chupa kuandikwa haina alkoholi hakuifanyi iwe ya upole. Yanayochokoza ngozi kama yako ni mengi: manukato, yanayojificha chini ya neno "parfum" au "fragrance", na ambayo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa vipodozi, mentholi na kafuri, zinazoleta ule ubaridi ambao watu wanauita usafi, mafuta ya ndimu na machungwa. Vilivyomo huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, kwa hiyo mistari miwili ya kwanza inakueleza mengi. Ukikuta maji, gliserini, panthenoli, umeshika kitu cha kutuliza. Ukikuta "alcohol denat." nafasi ya pili, irudishe dukani hata kama mbele wamechora ua. Nadhani ukiitafuta chupa yako ya zamani ya maji ya bluu utakuta jibu la machozi yako humo. Na yule dada aliyekwambia kuchonyota ni dalili ya dawa kufanya kazi, maneno hayo nimeyasikia madukani miaka mingi na yananikera kila mara. Uso unaochonyota unasema unaumia. Hakuna kingine unachosema.

Sasa naomba tuiangalie hiyo tona bila kuipenda wala kuichukia. Inafanya nini? Zamani tona ilikuja kuondoa mabaki ya sabuni na kuirudisha ngozi kwenye uchachu wake. Ngozi ya mtu ina uchachu kidogo, pH yake iko kati ya 4 na 6, na sabuni ya kipande ni 9 mpaka 10. Ukioga na kipande unauvuruga uchachu huo, na ngozi ikiachwa inaurudisha yenyewe, ila inachukua saa kadhaa, na ngozi dhaifu inachelewa zaidi. Kwa mtu anayetumia sabuni laini kama wewe sasa, kazi hiyo ya tona haipo tena. Iliyobaki ni kuipa ngozi maji kabla ya mafuta. Ni jambo jema, linapendeza, lakini mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila tona na ngozi isidhurike.

Nakwambia haya kwa sababu kwenye barua yako mambo manne yalibadilika kwa wakati mmoja. Uliacha maji ya bluu. Uliacha sabuni ya kipande. Uliacha dodoki. Ulihama juani. Halafu ukaongeza tona. Uso ulipotulia, sifa zote zikaenda kwa kitu kimoja ulichoongeza, na vile vinne ulivyoviacha havikupata shukrani. Je, una hakika kwamba ukikosa tona uso utarudi kama zamani? Huenda utarudi, sikatai. Lakini huenda ule mgogoro wote wa nyumbani unahusu kitu kinachochangia sehemu ndogo kuliko unavyofikiri. Kuna njia ya kujua bila kubishana na mtu: kuiweka pembeni kwa majuma mawili hivi huku mengine yote yakibaki vilevile, kisha kuirudisha na kuangalia. Ila si wiki hii, na sababu ndiyo lile jambo la tatu.

Krimu, mwanangu.

Umeandika "mara moja moja tu". Umeandika pia kwamba inasafisha uso ndani ya siku chache, na ukiiacha uso unarudi vibaya kuliko mwanzo na kuwaka moto. Mimi si daktari, wala siioni tyubu yenyewe. Lakini krimu nyingi za aina hiyo, zinazotibu fangasi na muwasho kwa mpigo, huwa na steroidi ndani yake, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho. Soma nyuma: "betamethasone", "clobetasol", "beclometasone", majina ya namna hiyo. Ni dawa halali, zina kazi zake, na daktari anaweza kuzitoa kwa muda mfupi kwa sehemu fulani ya mwili. Usoni, kwa miezi, bila usimamizi, ni habari nyingine. Zinapunguza unene wa ngozi, zinaleta vipele kuzunguka mdomo, na zinaizoesha ngozi mpaka ikizikosa inawaka moto na kumlazimisha mtu azirudie. Hapo mtu huamini ugonjwa umerudi, kumbe ni krimu inayodai. Nikikusoma naona mzunguko huo, na huenda hata ule "ugonjwa" uliokusumbua mwaka juzi ulikuwa nusu yake ni huo.

Kuna na hili, nalisema taratibu. Steroidi zinafifisha rangi ya ngozi. Ndizo hizohizo zinazochanganywa kwenye mikorogo pamoja na haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua, na zebaki kwa walio katili zaidi. Hukuipaka kwa ajili ya weupe, najua, na nakuamini neno kwa neno. Lakini ngozi haijui nia ya aliyeipaka. Inawezekana mumeo anaona kitu cha kweli usoni mwako, akakosea tu chanzo chake. Amekamata chupa isiyo na hatia, na tyubu imekaa pale pale kwenye droo ya dawa bila mtu kuishuku, kwa sababu ilitoka duka la dawa.

Inawezekana vilevile kwamba hakuna weupe wowote, ni madoa yamefifia. Doa jeusi linaloachwa na kipele huondoka lenyewe kipele kisiporudi na jua lisipolichoma, na madoa mengi yakiondoka kwa pamoja uso unaonekana umeng'aa, hasa kwa mtu aliyekuona mara ya mwisho Krismasi. Simama mlangoni asubuhi, penye mwanga wa kutosha, ulinganishe shavu na ngozi ya tumbo au ya ndani ya mkono, mahali ambapo hakuna jua wala krimu. Uso ukiwa rangi moja na pale, umerudi kwenye rangi yako ya kuzaliwa. Ukiwa mweupe kuliko pale, kuna kitu kinaupausha.

Usiitupe krimu leo kwa hasira baada ya kunisoma. Ukiiacha ghafla uso unaweza kulipuka, na atakayelaumiwa ni tona, na mumeo atasema "si nilikwambia". Wala usiendelee nayo kimya. Wewe uko Moshi, na watu wanasafiri kutoka nchi nyingine kufuata kilichopo hapo kwenu. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, tangu mwaka 1992, kinachofundisha wataalamu wa ngozi kwa ajili ya Afrika Mashariki na mbali zaidi. Ndipo yalipotengenezwa yale mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Huhitaji mganga wa mtandaoni. Beba vyote kwenye mfuko mmoja, tyubu, tona, sabuni, mafuta ya mgando, na maji ya bluu kama bado yapo, uvipange mezani kwa daktari, na useme tangu lini na mara ngapi. Usione haya kusema ukweli kuhusu krimu. Wanaona watu wa namna hiyo kila siku. Watakupangia namna ya kuiacha, na wataangalia kama chini ya haya yote kuna ugonjwa wenye jina.

Turudi nyumbani. Umeandika kwamba anataka kukutawala mpaka ngozi yako. Sentensi moja baadaye umeandika anakuchungulia usiku akidhani umelala. Mtu anayetawala halali macho wazi akimkagua mkewe shavu. Nadhani huyo ni mtu anayeogopa, na hofu yake imetoka mdomoni ikiwa amri. Simtetei kwa maneno aliyotumia. "Nyumbani kwake" ni kauli mbaya kwa mwanamke anayelipa ada kwa cherehani yake, na vile vitisho vya kutoweza kuishi nawe havikustahili kutamkwa juu ya chupa ya maji. Una haki ya kumwambia hivyo, siku mkiwa mmetulia. Lakini je, umewahi kumuuliza kuhusu zile siku za hospitali? Namaanisha kumuuliza aliona nini, alifikiri nini kidonda kilipokataa kufunga. Wanaume wengi huku kwetu hubeba mambo ya namna hiyo miaka na hakuna anayewauliza, kwa sababu mgonjwa alikuwa mwingine.

Njia ulizozitaja nimezipitia moja moja. Kuacha tona kwa ajili ya amani ni rahisi, na kwa ngozi yenyewe huenda isiwe hasara kubwa kama unavyohofia. Hofu yangu ni kwamba amani hiyo utailipia wewe peke yako, na kila kipele kitakachotoka utakihesabu juu ya mumeo. Tena krimu itabaki, kwa kuwa hakuna aliyeikataza. Kuendelea kwa siri nako kuna bei. Siku atakapofungua sanduku la vitambaa, hatakumbuka tona ina nini ndani, atakumbuka umeficha. Na wifi yako naye, bila shaka, alianza kwa kuficha. Utakuwa umemthibitishia kile anachokiogopa kwa kitu ambacho hakikuwa na ubaya. Kusimama na kusema uso ni wangu, ni kweli, uso ni wako. Ila ukilisema hilo kabla hujajua krimu imefanya nini, unaweza kujikuta unautetea msimamo ambao kesho daktari ataugeuza, na itakuwa vigumu kurudi.

Ipo njia hukuitaja. Unaweza kumwambia: "Baba fulani, ulinisomea lebo ya chupa moja, sasa nataka unisomee zote." Uweke na tyubu. Umwombe mwende KCMC pamoja, au kama hawezi, akusikilize ukirudi. Nayo ina hatari zake, sitakuficha. Anaweza kusikia neno steroidi akasema alikuwa sahihi tangu mwanzo, na ukahisi umejipeleka mwenyewe mahakamani. Anaweza kukataa kwenda. Anaweza kumwambia mama yake kabla hujawa tayari. Wewe ndiye unayemjua anavyopokea habari ngumu, kama ni mtu wa kuambiwa jioni baada ya kula au wa kuandikiwa ujumbe akiwa kazini apate muda wa kupoa. Labda ungependa umwone daktari kwanza peke yako, uwe na maneno ya mtaalamu mkononi kabla ya mazungumzo. Hilo nalo si uongo, kama muda hautakuwa mrefu.

Kuhusu 32,000, msibishane juu ya kitu ambacho bado hamjui kama kinahitajika. Jaribio la majuma mawili, daktari akishakuruhusu, litaamua zaidi kuliko nyinyi wawili. Ikionekana inakusaidia, chupa ikitumiwa kwa kiganja badala ya kumwagwa kwenye pamba inadumu muda mrefu zaidi, na kiganja hakikwaruzi. Ikionekana haina tofauti, umeokoa pesa. Ningekushauri usivirudie vile vitu vinne ulivyoviacha kwa vyovyote vile, na ungeongeza kinga ya jua, SPF 30 au zaidi, isiyo na manukato, maana barazani mwanga unakufikia hata ukikaa ndani. Ukinunua tona ya aina mpya, ijaribu kwanza ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima. Mzio wa ngozi unaweza kuchukua siku mbili tatu kujitokeza. Na nunua penye lebo kamili na jina la mwagizaji. Vipodozi nchini viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na kilichomiminwa kwenye kopo lisilo na maandishi hakuna anayeweza kukuambia ni nini.

Mama mkwe nimemwacha mwisho kwa sababu naona ndiye atakayekuwa mwepesi. Mama aliyemwona binti yake akiharibika ngozi anamshika mkwe kidevu kwa haraka ya uchungu, na mizaha ya Kichagga unaijua, haina mlango. Ungeweza kumtafuta kabla ya Desemba, hata kwa simu, ukamwambia, "Mama, uso ulikuwa unaniuma, niko kwa daktari KCMC." Daktari ni neno analoliheshimu, na likitoka kwako kabla hajauliza, watu wakikusanyika atakuwa wa kwanza kukujibia. Huko Kibosho kitakachokusumbua zaidi ni jiko la kuni. Moto wa karibu na moshi vinaichokoza ngozi kama yako kuliko kukosa tona kwa wiki mbili. Omba kazi ya kumenya ndizi nje, na ukitoka jikoni nawa kwa maji ya kawaida bila sabuni, ujipake mafuta yako.

Sijakuambia ufanye lipi, na sitakuambia. Unawajua hao watu, mimi nawasoma tu kwenye karatasi. Ila ukiniandikia tena, na natumaini utaniandikia, anza kwa kuninakilia maandishi ya nyuma ya ile tyubu, yote, kama ulivyoninakilia ya chupa.